Fundi wa Likoni Asiishie Kulehemu

Wasomi wenzangu wa Kiswahili, kwa muda mrefu tumezoea kuijadili lugha yetu katika nyanja za ushairi, riwaya na isimu. Ni jambo jema. Hata hivyo, upo uwanja mwingine ambao tumewaachia wengine wausemee, nao ni ufundi wa elektroniki. Makala haya yanatoa hoja kwamba programu za kompyuta za kusanifu na kuigiza bodi za sakiti zapaswa kufikishwa kwa mafundi wa Likoni, Kisauni na Changamwe, na kwamba zapaswa kufunzwa kwa Kiswahili.

Kwanza tukieleze kitu chenyewe. Bodi ya sakiti ni kile kibao chembamba, aghalabu cha rangi ya kijani, kilichomo ndani ya redio, chaja, simu na televisheni. Juu yake mna njia za shaba zinazopitisha umeme kutoka kijenzi kimoja hadi kingine, pasi na haja ya nyaya. Zamani msanifu alizichora njia hizo kwa mkono. Siku hizi huzichora kwenye kompyuta: kwanza mchoro wa sakiti, kisha mpangilio wa vijenzi na njia zake, na mwishowe faili zinazopelekwa kiwandani. Kabla ya kufika huko, aweza kuiigiza sakiti hiyo ndani ya kompyuta ili aone volti na mkondo vitakavyokuwa. Mzizi wa uigizaji huu ni programu ya SPICE, iliyotokea katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1973, sehemu kubwa ikiwa kazi ya Laurence Nagel.

Je, mambo haya yanamhusu nini fundi wa bara ya Mombasa? Yanamhusu sana. Hewa ya Pwani ina unyevu na chumvi, na shaba ya bodi huliwa na kutu ya kijani mapema kuliko mahali pakavu. Isitoshe, umeme wetu wa volti 240 hupanda na kushuka, na aghalabu kifaa huungua pale umeme unaporejea baada ya kukatika. Fundi aliyekaa kibandani miaka kadhaa huyajua haya kwa macho na vidole. Anajua ni kapasita ipi itakayovimba, ni njia ipi italiwa na kutu, na ni wapi bodi itapiga shoti. Aliyeisanifu bodi hiyo ng'ambo huenda hajui lolote kuhusu upepo wa Mtongwe.

Ajabu ni kwamba elimu hii yote huishia kwenye kurekebisha. Fundi hutoa kijenzi kilichoungua, akaweka kingine mfano wake, akalehemu, akapokea ujira wake. Kesho yake huletewa kifaa kingine chenye ugonjwa ule ule. Laiti angeweza kuichora upya sehemu inayosumbua, akapanua nafasi kati ya njia, akaongeza kinga dhidi ya volti zinazoruka, akapaka juu ya bodi vanishi ya kuzuia unyevu, tungekuwa na kifaa kilichosanifiwa kwa ajili ya mazingira yetu. Elimu isiyoingia katika mchoro huzikwa na mwenyewe.

Wapo watakaosema kwamba programu za aina hii ni ghali. Kauli hiyo ilikuwa na uzito zamani. Leo ipo KiCad, iliyoanzishwa mwaka 1992 na Mfaransa Jean-Pierre Charras, mwalimu wa chuo kimoja cha ufundi huko Grenoble. Baadaye CERN, ile taasisi ya utafiti wa nyuklia iliyoko Geneva, ilichangia kuikuza. Programu hii hutolewa bila malipo na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Tangu toleo la tano la mwaka 2018, imeunganishwa na kiigizaji cha ngspice, ambacho ni kizazi cha SPICE ile ya Berkeley. Jina lake lina 'Ki' mwanzoni, ingawa kiambishi hicho hakikutoka kwetu. Ni juu yetu kukifanya chetu.

Kinyume chake, programu za kuuzwa zina hatari zake. EAGLE, iliyoanza Ujerumani mwaka 1988, ilipendwa na wanafunzi wengi duniani. Autodesk iliinunua mwaka 2016, na mwaka 2023 ikatangaza kwamba ingeacha kuiuza na kuihudumia ifikapo Juni 2026. Aliyejifunga kwa chombo kimoja cha kukodi hana budi kuanza upya. Kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi, lakini ni heri koleo uwe wako. Ama kuhusu nakala za wizi zinazopitishwa kutoka mkono hadi mkono, hizo humletea fundi virusi na kumnyima uwezo wa kuuza kazi yake hadharani.

Wengine watahoji: kwa nini Kiswahili, ilhali programu zenyewe na karatasi za maelezo ya vijenzi zimeandikwa kwa Kiingereza? Sikatai kwamba msanifu atahitaji kusoma Kiingereza. Lakini kusoma jina la kitufe ni jambo moja, na kufahamu sababu ya njia kuwa nene au nyembamba ni jambo jingine. Hilo la pili hueleweka upesi katika lugha ambayo mtu huwazia. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Aidha, mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Ikiwa barua yaweza kuandikwa hivyo, kwa nini sakiti isisanifiwe hivyo?

Hapa ndipo sisi wanafunzi wa Kiswahili tunapohusika. Istilahi za kazi hii nyingi ziko tayari vinywani mwa watu: waya, fyuzi, shoti, mkondo, kulehemu. Zile zinazokosekana zaweza kutafutwa karibu. Alama za shaba ambapo miguu ya kijenzi hukanyaga bodi twaweza kuziita nyayo. Shaba iliyopangwa juu na chini ni matabaka. Kitobo kinachounganisha tabaka na tabaka ni tundu. Tusikae maktabani tukabuni maneno mazito, kisha tukawashurutisha mafundi kuyameza. Twende tukawasikilize kwanza, tuandike wanavyosema, ndipo tupendekeze pale penye pengo.

Pili, mafunzo yawafuate mafundi waliko. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko Tudor, kisiwani. Wa Likoni hufika huko kwa kuvuka kivuko, wa Kisauni kwa daraja la Nyali, wa Changamwe kwa njia ya Makupa. Mwenye kibanda hawezi kukifunga kila siku kwa safari hiyo. Katiba imekabidhi vyuo vya ufundi vya vijiji kwa serikali za kaunti. Basi na viwe na kompyuta chache za KiCad na darasa la jioni.

Ni lazima pia tuseme ukweli kuhusu mipaka ya chombo hiki. Kiigizaji hujibu kile ulichokiuliza tu. Usipokieleza kuhusu chumvi, hakitakuonya kuhusu kutu. Ndiyo maana anayefaa zaidi kukitumia ni yule aliyeziona bodi zikifa, si yule aliyesoma kitabu pekee. Pia bodi nyingi bado zitatengenezwa Uchina, na nauli aghalabu itapita bei ya bodi zenyewe. Hilo lisitutie unyonge. Kiwanda huchapa mchoro kilioletewa, na mwenye mchoro ndiye mwenye bidhaa.

Mchagua jembe si mkulima, na jembe hili limetolewa bure. Kilichobaki ni lugha ya kulishikia mpini, na hiyo ndiyo amana tuliyopewa sisi. Tukiendelea kuwaachia wengine, fundi wetu atabaki kuwa mganga wa vifaa vya wenzake, naye ana uwezo wa kuwa mzazi wa vyake.