Fundi Mzoefu Naye Arudi Darasani

"Huyu amefunga boila miaka thelathini, utamfundisha nini?" Ukiishi Uingereza utaisikia kauli hii kwa wenye nyumba, kwa wenye kampuni ndogo za mabomba, na kwa wanasiasa wanaodai kuwa kanuni za nishati ni usumbufu kwa watu wa kazi. Naipinga kauli hiyo moja kwa moja. Katika kazi ya kupasha nyumba joto kwa boila, yaani mtambo unaopasha maji yanayozunguka kwenye rejeta za ukutani, uzoefu usio na darasa humzoesha fundi makosa.

Angalia nani humpigia simu fundi, na lini. Nyumba ikiwa baridi, mteja anapiga usiku huohuo. Boila ikila gesi kupita kiasi, hapigi mtu. Bili huja baadaye, kwa mwenye nyumba, naye huilaumu kampuni ya gesi au baridi ya Januari. Fundi haioni. Basi miaka yote hiyo inamfunza jambo moja tu: funga boila kubwa, pandisha joto la maji, ukwepe lawama. Ndiyo maana nyumba ambayo siku ya baridi kali ingetoshwa na kilowati 6 au 8 unaikuta na boila ya kilowati 30. Ni kweli, ukubwa huo una kazi yake kwenye maji ya kuoga yanayopashwa papo hapo. Lakini nguvu inayokwenda kwenye rejeta za ukutani inaweza kupunguzwa na fundi mwenyewe siku ya kufunga, ikiwa amefundishwa kupiga hesabu ya joto linalopotea katika kila chumba. Asiyefundishwa huiacha ilivyotoka kiwandani.

Tangu Aprili 2005, kanuni za ujenzi za England na Wales, sehemu iitwayo L, zimetaka karibu kila boila mpya ya gesi iwe ya aina inayovuna joto lililofichika kwenye mvuke wa moshi. Joto hilo hupatikana pale mvuke unapogeuka maji ndani ya boila, na hilo hutokea ikiwa tu maji yanayorudi kutoka kwenye rejeta yako chini ya nyuzi 55 hivi. Sasa fundi mzoefu anafunga mashine hiyo na kuiacha ipeleke maji ya nyuzi 75 au 80, kama alivyofanya kwa boila za zamani. Rejeta zinaunguza mkono, mteja anafurahi, na joto alilolilipia linatoka nje na moshi. Ufanisi wa zaidi ya asilimia 90 ulioandikwa kwenye karatasi za boila haufikiwi ndani ya nyumba ile.

Desemba 2022, bei ya gesi ikiwa imepaa baada ya Urusi kuivamia Ukraine, kampeni ya serikali iliwashauri wananchi wapunguze wenyewe joto la maji ya boila hadi nyuzi 60. Yaani miaka 17 baada ya sheria, bibi kizee alikuwa akiombwa amalizie kazi ambayo fundi alishalipwa. Mwaka huohuo, mwezi Juni, kanuni za England zilikuwa zimeanza kutaka mifumo mipya ipangwe kwa maji yasiyozidi nyuzi 55, panapowezekana. Kanuni nzuri sana, lakini haiwezi kuingia yenyewe ndani ya nyumba ya mtu ikashika bisibisi.

Wanaosema teknolojia mpya itatuokoa nao wasome historia. Shirika la Energy Saving Trust lilifuatilia majumbani pampu za joto 83, yaani mashine za umeme zinazovuta joto la nje na kulileta ndani, na kutoa matokeo mwaka 2010. Baadhi zilitoa joto mara tatu ya umeme zilioutumia, nyingine hazikuzidi sana kiasi cha umeme huo. Usanifu na ufungaji mbovu ulikuwa miongoni mwa sababu kubwa zilizotajwa. Baadaye mifumo kadhaa ilirekebishwa, na mingi kati ya hiyo ikapanda ufanisi.

Tena, mbona kwenye usalama hatubishani? Fundi wa gesi hupimwa upya kila baada ya miaka 5, awe kijana au mzee, na hakuna anayesema anadharauliwa. Tunajua kaboni monoksidi inaua. Gesi inayochomwa bure haiui mtu kwa usiku mmoja. Inamfilisi mpangaji mwenye mita ya kulipia kabla, inayofanya kazi kama LUKU ya Tanzania, ambaye salio likiisha anavaa koti sebuleni na kuwalaza watoto mapema. Madhara yake nayo yanastahili mtihani.

Malalamiko ya mafundi nayaheshimu. Wengi wamejiajiri, na siku ya darasani ni siku isiyo na kipato. Ruzuku ya pauni 500 iliyoanza England mwaka 2023 kwa mafunzo ya pampu za joto haikumlipa fundi siku alizokosa kazi. Walipwe siku hizo. Na mafunzo yenyewe yasiwe ya kukaa kutwa mbele ya picha za ukutani na kuchagua jibu a, b au c. Fundi apewe nyumba halisi, apime madirisha na kuta, apige hesabu chumba kwa chumba, ashushe joto la maji na kusawazisha rejeta. Kisha baridi ikipita aonyeshwe bili za nyumba alizozifunga, kwa sababu hapo ndipo uzoefu wake utaanza kumfundisha kweli.

Nanyi ndugu zetu mlioko London, Leicester na kwingineko, fundi akija kufunga boila mpya mwulizeni mambo mawili kabla hajafungua sanduku la vifaa: nyumba hii inapoteza kilowati ngapi, na maji utayaacha kwenye nyuzi ngapi? Akijibu kwamba amefanya kazi hii miaka thelathini, mwulizeni tena.