Mtindi wa Mgonjwa wa Kisukari

Imekuwa ada majumbani mwetu: mzee akipatikana na kisukari, wanawe humwondolea sukari ya chai, kisha humletea yogati ya stroberi ya dukani wakidhani hicho ndicho chakula cha mgonjwa. Sisi tunaona huko ni kumnyang'anya kijiko na kumrejeshea bakuli. Gramu 100 za mtindi usiotiwa kitu zina wanga wa gramu 5 hivi, nayo ni sukari ya maziwa yenyewe. Wa kutiwa ladha aghalabu hupindukia gramu 12. Wala maandishi ya "haina mafuta" yasitughuri. Kisomwe kiasi cha wanga.

Ama matunda, hakukatazwa nayo, kama wengine wanavyomtisha. Pera lililokatiwa ndani ya mtindi lamfaa sana, kwani lina nyuzinyuzi zinazochelewesha sukari kuingia damuni, ambazo juisi iliyochujwa imezikosa. Embe bivu zima kwa mara moja, hapana. Na tende kavu za futari, takriban robo tatu ya uzito wake ni wanga, basi zihesabiwe.

Ila atumiaye insulini, sukari ikimshuka ghafla, mtindi haumfai saa hiyo: apewe maji ya sukari upesi, maadamu ana fahamu na aweza kumeza.