Msilaumu Betri, Tazameni Waya

Ukifunga tela yenye friji nyuma ya Land Cruiser, karibu kila mtu hapa Goma atakuambia uondoe wasiwasi: gari likitembea, betri ya nyuma inajaa yenyewe. Mwenye gari anasema hivyo, wakubwa wa mashirika wanasema hivyo, na mafundi wenzangu nao wanasema hivyo huku wakipokea hela yao. Mimi ni fundi umeme wa magari, kazi yangu iko mtaa wa Ndosho, na nasema kwamba kwa jinsi tunavyozifunga tela zetu, betri hiyo haijai. Inakufa polepole, na kilichomo ndani ya friji kinaharibika nayo.

Siku hizi jambo hili lina uzito kuliko zamani. Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia mjini, umeme na maji vikakatika, uwanja wa ndege ukafungwa. Tangu hapo mzigo wa dawa umeelemea barabara na ziwa. Chanjo nyingi zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za joto. Masanduku ya barafu bado ni mazuri kwa safari fupi, lakini hapa kwetu safari ya siku moja inaweza kugeuka siku tatu kabla hujafika Masisi: mvua, lori lililolala katikati ya njia, kizuizi kilichofungwa. Ndiyo maana watu wameanza kuvuta friji.

Siku moja muuguzi aliyerudi kutoka huko aliketi kwenye benchi la gereji yetu, akawa anatoa vichupa kimoja kimoja na kuvielekeza kwenye mwanga. Kwenye lebo ya kila kichupa kuna duara, na ndani ya duara mna mraba mdogo. Chanjo ikiwa nzima, mraba ni mweupe kuliko duara. Joto likiipata, mraba unakolea, na ukishalingana rangi na duara, chanjo hiyo haichomwi mtu tena. Alivigawa vichupa mafungu mawili juu ya kitambaa. Fungu la kutupa lilikuwa kubwa kuliko lile lingine. Mama yule hakumgombeza mtu, aliandika tu namba za vichupa kwenye daftari. Dereva alisimama kando yangu, akaniuliza, "Fundi, batri ni mupya, juu ya nini inakufa?"

Betri ilikuwa mpya kweli. Nikaacha kuiangalia, nikaufuata waya.

Ulikuwa waya wa milimita mraba 2.5, mwembamba, wa kufungia taa. Kutoka betri ya mbele hadi ya nyuma ni kama mita 8, na kwa kuwa umeme huenda na kurudi, hizo ni mita 16 za shaba. Pitisha ampea 10 humo, utapoteza volti moja na ushee njiani. Alteneta inatoa volti 14.2 mbele, nyuma zinafika kama 13.1. Betri ya asidi inataka ipate zaidi ya 14 ndipo ijae sawasawa. Kwa 13.1 inadokoa tu, siku zote inabaki nusu, na betri inayokaa nusu huota salfeti kwenye bamba zake, chumvi ngumu nyeupe. Chumvi hiyo ikishakomaa, hata uipe volti nzuri namna gani haipokei tena. Waya wa milimita mraba 16, kwa urefu uleule na ampea zilezile, haupotezi hata robo ya volti. Hakuna uchawi hapo, ni unene wa shaba.

Na hayo hayakuwa yote. Aliyeifunga tela hakuweka waya wa kurudi; alitegemea mpira wa chuma wa kuvutia tela uwe ndio njia ya hasi, chuma juu ya chuma, penye grisi, kutu na tope la barabara ya Sake. Kisha chaji yenyewe aliitoa kwenye waya wa taa za nyuma. Maana yake, dereva akisafiri mchana taa zikiwa zimezimwa, friji inaila betri tangu Goma hadi mwisho wa safari na hakuna hata ampea moja inayorudi. Dereva hakuwa na namna ya kulijua hilo. Hakuna aliyemwambia.

Hata waya ukiwa mnene, masaa lazima yatoshe, na hapa ndipo napingana na wanaopanga safari ofisini. Friji ndogo ya volti 12 inakula kama ampea 5 kompresa ikizunguka. Tuseme inazunguka nusu ya muda: usiku wetu wa saa 12 unameza ampea-saa 30. Kesho yake, alteneta ikipeleka nyuma ampea 10, friji inachukua zake, betri inabaki na tano au zaidi kidogo. Ili kurudisha ule usiku mmoja unahitaji saa tano au sita za injini kufanya kazi. Kutoka hapa hadi Sake, kwenye njia ya Masisi, ni kama kilomita 25 tu, hazifikishi saa hizo. Kwenye kila kizuizi dereva anazima injini kwa sababu ameamriwa abane mafuta. Basi anabana lita mbili za mafuta, anapoteza shehena ya chanjo. Rahisi huvunja upishi.

Magari mapya yana shida yao nyingine. Alteneta zake zina akili: betri ya mbele ikijaa, zinashusha volti zenyewe, na ya nyuma inabaki na njaa hata kama waya ni mnene. Hayo yanahitaji chaja maalumu ndani ya tela, inayopokea volti ndogo na kuzipandisha. Bahati nzuri, gari nyingi tunazozifunga Goma bado ni za zamani.

Wenye malori makubwa nao wasidhani hayawahusu. Lori la volti 24 lina betri mbili za 12 zilizounganishwa mfululizo. Utingo anataka redio na chaji ya simu, basi anachomeka kwenye betri moja tu. Alteneta haioni tofauti, inazichaji zote mbili kwa pamoja: ile inayonyonywa haijai kamwe, mwenzake inapata kupita kiasi mpaka maji yanakauka. Baada ya muda tajiri ananunua betri mbili na kumkata utingo mshahara. Kipunguza volti kidogo, kinachochukua 24 kutoka kwenye betri zote mbili na kutoa 12, kingemaliza ugomvi huo. Kumkata kijana mshahara kwa kosa la ufungaji ni dhuluma, nami nimewaambia hivyo matajiri uso kwa uso.

Tena, betri iliyokufa haipotei. Asidi inamwagwa juu ya mawe ya lava, na lava yetu ina matundu, inapitisha kila kitu kwenda chini. Watu hapa wanateka maji ziwani kwa bidoni. Wenzetu wa Mombasa walishaonja gharama yake: kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatilia sumu ya madini ya risasi wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru, watoto wakiwemo. Phyllis Omido aliyewapigania alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kila betri tunayoiua kwa waya mwembamba inaongeza lundo la betri kuukuu.

Kwa hiyo nawaomba wanaoagiza tela, hasa za afya, waache kunipa betri mpya na kuniambia "badilisha tu." Agizeni waya wa milimita mraba 16, wa kwenda na wa kurudi, ule wa kwenda uwe na fyuzi kila mwisho. Agizeni rilei inayotenganisha betri mbili injini ikizimwa, ili friji isije ikamnyima dereva stata asubuhi porini. Fungeni betri kwa mkanda wa chuma, maana mawe ya barabara zetu yanavunja bamba za ndani. Kwa bei ninazoziona sokoni, vyote hivyo havifikii gharama ya betri mbili nzuri. Paneli ya jua ya wati 100 juu ya tela itasaidia mchana gari likiwa limekwama, ingawa msimu wa mvua msiitegemee peke yake.

Na dereva apewe mita ya kupimia volti, aandikiwe pia kwenye hati ya safari kwamba anaruhusiwa kuacha injini iendelee kwenye kizuizi. Alfajiri, kabla ya kuwasha gari, azime friji kidogo apime betri ya nyuma. Ikisoma 12.6, aende. Ikisoma 12.2, nusu imeshaondoka, achaji kwanza. Ikiwa chini ya 12, chanjo isipakiwe, na uamuzi huo uwe wake yeye na muuguzi wake, pasipo kusubiri simu ya bosi.