Mgeni wa Kwihara Alale

Juzi gari la watalii lilisimama chini ya mwembe wetu hapa Kwihara saa nane mchana. Saa nane na nusu lilikuwa linatimua vumbi kurudi Tabora mjini. Walipiga picha mlango wa nakshi wa tembe la Livingstone, wakaniuliza choo kiko wapi, basi. Mjukuu wangu alibaki na sinia lake la karanga vilevile alivyolipanga.

Livingstone, ambaye kwa ajili yake wanakuja, aliagana hapa na Stanley Machi 1872, akasubiri wapagazi kutoka pwani hadi Agosti. Miezi mitano na zaidi! Ndivyo Unyanyembe, eneo letu hili, ilivyokuwa: mahali pa kutua mzigo. Misafara ya Bagamoyo na ya Ujiji ilikutana hapa, wapagazi wa Kinyamwezi wakalipwa ujira wao, wengine wakaandikwa upya, na watumwa wakalala na minyororo yao wakingoja kupelekwa. Mambo hayo hayasimuliki kwa nusu saa, huku dereva ameacha injini inanguruma.

Ninajua hatari ya wageni kulala. Shemeji yangu alikaa Malindi, Mji Mkongwe wa Zanzibar, nami nilikuwa nikimtembelea tangu kabla mji haujaingia Urithi wa Dunia mwaka 2000. Kila nikienda, jirani mmoja amehamia Ng'ambo na nyumba yake imekuwa hoteli. Mara ya mwisho baraza alilozoea kukaa jioni na wenzake lilijaa masanduku ya wageni. Alikaa ndani, mlango kaurudishia. Sitaki Kwihara ifike huko.

Lakini dawa si kuwaacha wapite. Njia hii ya misafara imo tangu 2006 kwenye orodha ya maeneo ambayo Tanzania inakusudia kuyapendekeza UNESCO, kwa hiyo wenye fedha wanaweza kuja kuulizia viwanja. Halmashauri iwatangulie: itusaidie sisi wenyeji maji na vyoo vizuri, itupe kibali chepesi cha kulaza wageni majumbani mwetu, na izuie viwanja vya kuzunguka tembe visiuzwe.

Jioni mgeni ale ugali na mlenda wa karanga, alambe asali ya miombo, na wazee wamweleze nani alibeba pembe za ndovu katika misafara ile na nani hakurudi. Chumba cha mwanangu aliyehamia Kahama kiko wazi. Chandarua nimeshakitundika.