Betri Ndogo ya Mchezo

Mzazi wa Busanza, wilayani Kicukiro, Kigali, amleteapo mwanawe Game Boy iliyokwisha tumika, yafaa akijue vema kifaa hicho. Nintendo ya Japani ilikitoa mwaka 1989, nacho hutumia betri nne za kawaida. Mwaka 1996 ukaanza mfululizo wa michezo ya Pokémon, ambao ungali ukiendelea.

Ndani ya kijisanduku cha mchezo wa zamani wa Pokémon mna betri nyingine, ndogo mfano wa kifungo. Ndiyo itunzayo hatua aliyofikia mchezaji. Ikiisha nguvu, kazi ya miezi mingi hufutika. Hilo si kosa la mtoto, asigombezwe. Betri hiyo imelehemiwa, hivyo apelekewe fundi redio aibadilishe.

Lakini lililo kubwa ni usalama. Mtoto mdogo akiimeza, betri ya namna hiyo ikikwama kooni huweza kumuunguza vibaya kwa muda wa saa mbili tu. Baba akiwa lindoni, mama na asingoje: asimtapishe mtoto, bali amkimbize hospitali mara moja. Betri kuukuu nazo zifungwe kwa utepe wa gundi na kuwekwa mbali na watoto.

Mchezo uliofutika huanzwa upya. Koo la mtoto halina kipuri.