Mstaafu Alipe Mara Ngapi?

Mwanzoni mwa msimu wa kupanda, mwalimu mmoja mstaafu kutoka kusini mwa Kitui alifika ofisini mwetu akiwa na mkebe wa biskuti. Ndani ya mkebe mlikuwa na karatasi zake za mshahara, zimefungwa kwa uzi mwaka baada ya mwaka, tangu 1979 alipoajiriwa hadi 2014 alipostaafu akiwa na umri wa miaka 60. Katika kila karatasi palikuwa na mstari mmoja wa makato ya bima ya hospitali. Mkewe alikuwa amelazwa, na kule hospitalini walikuwa wameambiwa kwamba bima yao imelala kwa kuwa mchango wa mwaka haujalipwa. Mzee aliuweka mkebe juu ya meza akauliza: "Wakili, miaka 35 hii si mali?"

Ilitubidi kumweleza ukweli. Kwa sheria ilivyo, Mwalimu, si mali. Makato yale yalikuwa bei ya kinga ya mwezi ule, na mwezi ulipokwisha kinga nayo ikaisha. Hazina ya Taifa ya Bima ya Hospitali, iliyoundwa mwaka 1966 na ambayo wengi wetu tuliijua kwa herufi za NHIF, haikumwekea mwanachama akiba yoyote ya uzeeni. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023, iliyochukua mahali pake, nayo haina kifungu kinachohesabu miaka ambayo mstaafu alichangia. Siku mtu anapotoka kazini anaanza upya, kana kwamba hajawahi kutoa hata ndururu.

Mzee alifunga mkebe wake kimya. Swali lake twalileta kwenu, wapenda mageuzi na waumini wenzetu wa Kitui na Makueni, kwa sababu tunaamini kwamba ni swali la haki, na kwamba jibu lake lamo katika uwezo wetu.

HESABU YA ADA

Kwanza tuweke takwimu mezani. Katika miaka ya 1990 mwajiriwa alikatwa kati ya shilingi 30 na 320 kwa mwezi. Mwezi wa Aprili 2015 makato hayo yalipandishwa yakawa kati ya shilingi 150 na 1,700, na asiye na mshahara, akiwemo mstaafu, akatakiwa kulipa shilingi 500 kwa mwezi mahali pa 160 za awali. Hizo ni shilingi 6,000 kwa mwaka.

Ugatuzi ulipokuja, kaunti zetu mbili zilijaribu njia zao. Mwaka 2016 Makueni, chini ya Gavana Kivutha Kibwana, ilianzisha mpango wake wa afya kwa wote: shilingi 500 kwa kaya kwa mwaka mzima, na waliopita miaka 65 hawakutozwa chochote. Mwaka 2018 Kitui, chini ya Gavana Charity Ngilu, ikafuata na mpango wa shilingi 1,000 kwa kaya kwa mwaka. Wasomaji wetu wanawakumbuka wote wawili tangu enzi za kupigania Katiba mpya. Wanakumbuka pia kwamba mwaka 2004 Bi. Ngilu, akiwa Waziri wa Afya, alipitisha Bungeni mswada wa bima ya afya kwa kila Mkenya, na Rais Kibaki akakataa kuutia sahihi.

Tangu Oktoba 1, 2024, chombo kinachotambuliwa na sheria ni Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote bila ukomo wa juu. Kaya isiyo na mshahara hupimwa mapato yake na kutozwa kiasi hicho hicho, lakini kisipungue shilingi 300 kwa mwezi, na malipo yatakiwa ya mwaka mzima kwa mkupuo mmoja: kwa uchache, shilingi 3,600. Tuseme basi mstaafu ana pensheni ya shilingi 20,000. Akihesabiwa kwa asilimia, mchango wake ni shilingi 550 kwa mwezi, au 6,600 kwa mwaka. Pensheni yake huja mwezi kwa mwezi, lakini bima yamdai mwaka kwa mara moja. Mwaka 2025 serikali ilileta mpango wa kumkopesha mwananchi ada hiyo alipe pole pole. Hata hivyo, mkopo ni deni, na mzee anaingizwa katika deni ili apate kinga ambayo aliigharimia maisha yake yote ya kazi.

KINACHONUNULIWA

Ada peke yake haitoshi kuonyesha gharama. Bima rahisi yaweza kuwa ghali mno, kutegemea kilichobaki kulipwa mgonjwa anapofika dirisha la malipo.

Mipango ya kaunti ilikuwa rahisi kupita yote, lakini ilihusu hospitali za kaunti peke yake. Mgonjwa aliyepelekwa Nairobi alitoka nje ya kinga hiyo, na dawa ilipokosekana katika ghala la kaunti, kadi haikusomeka katika duka la dawa sokoni. Zaidi ya hayo, mpango unaosimama juu ya bajeti ya gavana mmoja hauna nguvu ya haki. Waweza kupunguzwa au kuzimwa kabla mzee hajapata habari.

Bima ya serikali kuu nayo ina uzito wake, na sharti tuseme hivyo ingawa tunaikosoa. Chukua mgonjwa wa figo. Bei iliyotangazwa ya kusafisha figo chini ya SHA ni shilingi 10,650 kwa kila kipindi. Mgonjwa anayesafishwa mara mbili kwa juma atahitaji vipindi 104 kwa mwaka, yaani shilingi 1,107,600. Hakuna mstaafu wa Mwingi au Kibwezi awezaye kubeba mzigo huo kwa kuuza ng'ombe. Kwa maradhi ya namna hiyo, mfuko wa pamoja wa taifa ndio kimbilio, na anayewaambia wazee wajitoe ndani yake anawapoteza.

Je, bima ya ziada ya makampuni? Kwa mwenye uwezo, huziba mianya: chumba bora, hospitali ya kibinafsi, daktari bingwa bila foleni. Lakini tazama masharti yake. Kampuni nyingi huweka umri wa mwisho wa kujiunga, na mara nyingi umri huo ni miaka 60 au 65, yaani wakati ule ule mtu anapotoka kazini. Ada hupanda kadiri umri unavyopanda. Maradhi aliyokuja nayo mteja, kama vile shinikizo la damu na kisukari, husubirishwa kwanza au huwekewa kiwango kidogo. Tena kila mkataba una kikomo cha fedha kwa mwaka. Tuseme kampuni yataka shilingi 60,000 kwa mume na mke. Kwa mwalimu wetu, hiyo ni pensheni ya miezi mitatu, naye bado hajasamehewa ule mchango wa serikali. Atalipa mara mbili.

Desemba 2024 sheria ya ushuru ilirekebishwa ili mfanyakazi anayeweka akiba ya matibabu ya uzeeni asitozwe ushuru juu ya akiba hiyo, hadi shilingi 15,000 kwa mwezi. Ni jambo jema, na vijana walio kazini twawashauri walitumie. Lakini nafuu hiyo yamfaa mwenye mshahara wa kubakiza. Haimrudii aliyestaafu mwaka 2014.

Kwa hiyo bima ya ziada ya wazee wetu ni ya aina nyingine. Ni mbuzi aliye zizini, magunia mawili ya ndengu, simu kwa mwana aliye Nairobi, na bahasha ya harambee inayopitishwa baada ya ibada. Kila mchungaji na kila padre anayesoma haya anaifahamu bima hiyo, maana ndiye karani wake. Gharama yake haiandikwi katika takwimu za wizara yoyote, lakini ndiyo inayowatoa watoto shuleni na kuuza mashamba.

NANI ANALIPA ZAIDI?

Sasa twafikia jambo linalotuuma zaidi. Kuna wazee ambao hawana hata hiyo pensheni. Walilima, walifuga, waliponda kokoto, na hakuna mwajiri aliyewawekea chochote. Tangu 2018 serikali iliahidi kumpa kila aliyefikisha miaka 70 msaada wa shilingi 2,000 kwa mwezi chini ya mpango wa Inua Jamii. Mzee anayeutegemea msaada huo akitozwa shilingi 300 kwa mwezi, ametoa asilimia 15 ya pato lake. Mbunge hutoa asilimia 2.75. Kwa hesabu iyo hiyo, kila mwenye pato lisilofika shilingi 10,900 kwa mwezi hutozwa kwa kiwango kikubwa kuliko waziri. Sheria yasema kwamba serikali itawalipia wasiojiweza, nasi twaipongeza kwa kusema hivyo. Lakini asiyejulikana kwa jina katika orodha ya wasiojiweza husimama nje ya lango pamoja na mwalimu wetu.

Watakuwako watakaosema kwamba hazina haina fedha, na kwamba bima ni ya anayelipa leo. Twawajibu hivi. Mwalimu yule mwaka 1979 alikuwa kijana wa miaka 25 mwenye afya. Makato yake hayakumtibu yeye, yaliwatibu wagonjwa na wazee wa wakati ule. Alitimiza zamu yake ya kuwabeba wengine kwa miaka 35 bila kunung'unika. Akina mama wa mwethya wanalijua hilo: leo tunalima kwako, kesho kwangu. Aliyelima mashamba ya wote hawezi kuambiwa, siku yake ilipofika, kwamba jembe lirudishwe stoo.

Wala tusidhani kwamba jambo hili halijawahi kufanyika duniani. Marekani, nchi isiyosifika kwa ukarimu wa matibabu, ina bima ya serikali kwa wazee iitwayo Medicare. Aliyekatwa ushuru wa bima hiyo kwa jumla ya miaka kumi ya kazi halipi ada ya sehemu ya hospitali afikapo miaka 65. Wengi huko bado hununua bima ya ziada kwa ajili ya mianya iliyobaki, lakini miaka yao ya jasho imehesabiwa. Yale waliyotoa yameandikwa kwa jina lao.

TUNACHODAI

Katiba tuliyoipata mwaka 2010, baada ya miaka ya mabomu ya machozi na kukesha makanisani, yataja katika kifungu cha 43 haki ya kila mtu kupata huduma bora ya afya iwezekanayo, na hifadhi ya jamii. Kifungu cha 57 chaagiza kwamba wazee waishi kwa heshima na watunzwe na jamaa zao pamoja na dola. Jamaa wametimiza sehemu yao. Sehemu ya dola ndiyo tunayoidai, nayo ni mambo matatu.

Kwanza, sheria irekebishwe ili miaka ya kuchangia ihesabiwe. Aliyechangia kwa miaka 20 au zaidi asitozwe baada ya kustaafu zaidi ya kile kiwango cha chini cha shilingi 300, na mwenye pensheni aruhusiwe kuilipa mwezi kwa mwezi.

Pili, kila mzee aliye katika orodha ya Inua Jamii aingizwe moja kwa moja katika orodha ya wanaolipiwa na serikali, bila kupimwa mara ya pili.

Tatu, kaunti za Kitui na Makueni ziwakumbuke wazee kwa sheria ya bunge la kaunti badala ya ahadi ya gavana. Kulipia kaya 1,000 za wazee kwa kiwango cha chini ni shilingi milioni 3.6 kwa mwaka. Mwananchi aitazame bajeti ya safari na posho za kaunti yake, kisha aseme kama fedha hizo haziwezi kupatikana.

Haya hayatatufikia tukiwa tumekaa. Julai 2024 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba sheria hizi mpya za afya zilikiuka Katiba, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Septemba mwaka huo Mahakama ya Rufani ilisimamisha amri hizo na mpango ukaanza. Funzo tulilolipata ni kwamba nafasi ya kusema isipotumika, wengine hutusemea. Makadirio ya bajeti ya kaunti hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30 kila mwaka, na vikao vya kuwasikiliza wananchi hufanyika kabla hayajapitishwa. Kifungu cha 119 nacho champa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni.

Kila parokia na kila kanisa la mtaa liteue watu wawili wanaojua kusoma na kuandika. Waandikishe wazee wote wa eneo lao: nani ana pensheni, nani ana msaada wa Inua Jamii, nani hana chochote, na bima ya nani imelala. Orodha hizo zije katika vikao vya bajeti mikononi mwa wazee wenyewe. Sisi mawakili tutaandika ombi la Bungeni bila malipo.

Mwalimu wetu ameahidi kuja. Amesema atakuja na mkebe wake.