Chuma Kipiganapo na Chuma

Katika chuo cha ualimu nifundishamo pana chumba kidogo nyuma ya maabara ya fizikia. Chumba hicho kimefungwa kwa kufuli tangu muhula uliopita, na ufunguo wake umetundikwa ofisini juu ya msumari, mahali ambapo kila mwalimu aingiaye kutia sahihi asubuhi hana budi kuuona. Ndani yake mna meza moja, jiliwa mbili, sanduku la mota zilizong'olewa katika keekee za umeme zilizokufa, na roboti mbili ndogo, kila moja ikiwa na uzito usiozidi kilo 1.36. Moja yao imepasuka ubavu. Kosa la roboti hizo ni kwamba zilipigana. Na kosa la wanafunzi waliozitengeneza ni kwamba walifurahi.

Naandika insha hii kuwatetea wanafunzi hao. Msomaji asinitazamie kuwa kadhi aketiye katikati ya wadai wawili, kwa maana mimi ni mmoja wa wadai, na nina deni langu. Siku hukumu ilipotolewa nilikuwapo, na sikusema neno.

Ilikuwa katika mkutano wa walimu. Mwenzetu mmoja mwenye heshima, aliyenitangulia katika kazi hii kwa miaka mingi, alisimama na kusema mambo matatu. Alisema kwanza kwamba shilingi 4,800 zilikuwa zimeteketea kwa muda wa dakika tatu mbele ya macho yake, na kwamba chuo hakina fedha za kuchezea. Akasema pili kwamba mchezo ambao ushindi wake ni kuvunja kazi ya mwenzio ni shule ya ukatili. Akamalizia kwa methali, kama ilivyo desturi yake: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Walimu wakapiga makofi, hoja ikapita, tukanywa chai. Laiti ningalisimama siku ile! Lakini alikuwa mkubwa wangu, nami nililelewa kutompinga mkubwa mbele za watu. Basi nampinga hapa, kwa adabu ile ile, ila kwa nguvu zangu zote.

Yafaa kwanza tujue mchezo wenyewe ni upi. Mwaka 1992 Mmarekani mmoja aitwaye Marc Thorpe alijaribu kutengeneza mashine ya kufyonza vumbi iongozwayo kwa redio. Mashine ile haikufaulu kusafisha nyumba, walakini jaribio lake lilimzalia fikira nyingine, na mwaka 1994 katika mji wa San Francisco akaandaa mashindano aliyoyaita Robot Wars. Watu walileta mitambo waliyoiunda kwa mikono yao katika banda na gereji, wakaiongoza kwa redio kutoka mbali, nayo ikagongana mpaka mmoja usiweze tena kujongea. Mwaka 1998 mchezo uliingia katika televisheni ya Uingereza, na mwaka 2000 katika televisheni ya Marekani kwa jina la BattleBots. Mitambo mingi ya Waingereza wa siku zile ilisukumwa na mota za viti vya magurudumu vya wagonjwa, kwa sababu zilikuwa na nguvu na zilipatikana kwa bei ya vitu vikuukuu. Roboti iitwayo Hypno-Disc, ambayo ilizitia hofu nyingine zote kwa sahani yake ya chuma izungukayo, ilikuwa kazi ya watu wa familia moja. Nataja hayo ili mwenye kudhani kwamba mchezo huu ni wa matajiri na wa viwanda vikubwa apate kusahihisha dhana yake.

Uzito hupimwa kama uzito wa mabondia. Roboti kubwa za BattleBots za siku hizi huruhusiwa kufika kilo 113 hivi, na pambano huchukua dakika 3. Lakini ziko nyingine za gramu 150 tu, ziwezazo kubebwa katika mfuko wa koti. Zetu zilikuwa katikati ya hizo ndogo, na uwanja wetu ulikuwa sanduku la mbao lenye kuta za plastiki nene ya polikaboneti, ile isiyopasuka kama kioo.

Sasa nije kwenye shtaka la mali. Mwalimu mwenzangu aliona moshi na vipande vya chuma, akahesabu shilingi. Mimi naomba ahesabu tena, maana nina hakika hesabu yake ilianzia mwisho. Kabla ya dakika zile tatu zilikuwapo Jumamosi kumi na nne. Katika Jumamosi hizo vijana waliokuwa wameikariri kanuni ya nishati ya mwendo tangu kidato cha tatu, wakaiandika katika mitihani na kupewa alama zake, waliiona kwa mara ya kwanza kuwa ni kitu chenye meno.

Tuchukue gurudumu la chuma la gramu 300, na tuseme uzito wake wote uko ukingoni, sentimita 5 kutoka kitovuni. Likizunguka mara 6,000 kwa dakika, ukingo wake huenda kwa mwendo wa karibu kilomita 113 kwa saa, upesi kuliko matatu yoyote iruhusiwavyo na sheria. Nishati iliyomo ndani yake ni karibu juli 148. Juli 148 ni kitu gani? Ni kuichukua roboti nzima ya kilo 1.36, kuipandisha mpaka mita 11 juu ya ardhi, yaani kimo cha nyumba ya ghorofa tatu, na kuiachilia ianguke juu ya saruji. Punguza mwendo wa gurudumu uwe nusu, na nishati haipungui kwa nusu. Hubaki robo, juli 37 hivi, nayo roboti yetu ni kama imeanguka kutoka mita 3 zisizotimia. Mwanafunzi mmoja alipomaliza kuzipiga hesabu hizo ubaoni aliweka chaki chini, akaniuliza, "Mwalimu, kwa hiyo ile namba mbili ndogo iliyo juu ya herufi ndiyo ivunjayo chuma?" Nimefundisha miaka kumi na moja. Sijapata kuulizwa swali lililonipendeza kuliko hilo.

Tena kuna jambo la gurudumu lililosimama wima. Likiwa katika mbio zake halikubali kugeuzwa, na roboti ikijaribu kugeuka upesi huinua upande mmoja hewani. Wanafunzi walipoliona hilo walicheka sana. Sitasema walilifananisha na mnyama gani, na katika kufanya nini. Lakini walipokwisha kucheka walikwenda maktaba wenyewe, pasipo kutumwa, kutafuta sababu.

Na ule ubavu uliopasuka? Hapo ndipo ilipo faida kubwa kuliko zote. Binti mmoja katika kikundi kile, ambaye kwa mkono wake wa kuunga nyaya kwa risasi hana mfano chuoni, alikuwa ametengeneza jino la gurudumu kwa chuma kigumu alichokipasha moto mpaka kikawa chekundu kisha akakizamisha katika maji. Tupa haikuweza kulikwaruza. Alijivuna nalo, na ilikuwa haki yake. Katika pigo la kwanza jino lile lilikatika kama kigae, kipande kikarudi kikapasua ubavu wa roboti yake mwenyewe. Jumatatu alikwenda na kipande hicho kwa mhunzi mmoja wa jua kali, mzee afuaye visu na majembe kando ya soko.

"Shikamoo, mzee," akasema, akamwonyesha.

"Marahaba, mwanangu. Hiki umekizamisha, ukakiacha hivyo hivyo?"

"Nilitaka kiwe kigumu."

"Kimekuwa kigumu, ndiyo sababu kimekufa. Kisu kigumu mno huvunjika kwenye mfupa. Ukishakizamisha, kirudishe motoni polepole, ukitazame rangi. Kitageuka rangi ya majani makavu, halafu zambarau, halafu samawati. Chako cha kupiga, kiache kifike samawati ndipo ukitoe."

Basi maarifa hayo, ambayo vitabu vyetu huyapitia kwa mistari miwili, na ambayo mzee yule anayo ingawa hakuna aliyewahi kumwita mwalimu, yalipita kutoka kwake mpaka kwa binti yule kwa sababu kitu kilivunjika. Kisingalivunjika, wasingaliongea. Bei yake ilikuwa jino moja la chuma na kifaa kimoja cha kuendeshea mota kilichoungua. Mota zote zi hai, betri ni nzima, magurudumu yapo. Mwalimu mwenzangu aliandika shilingi 4,800 kuwa zimeteketea. Akifungua chumba atazikuta nyingi kati yake ziko mezani, zimeshikwa na kutu kwa ajili ya kufuli yake.

Shtaka la ukatili lataka jibu fupi. Huko Kakamega watu wa Isukha na Idakho hupiganisha mafahali, na umati huwafuata kwa pembe na nyimbo. Fahali hutoka damu, na tunasema ni utamaduni. Ngumi tunazipenda, na bondia huanguka akiwa na ubongo kichwani. Chuma hakina mshipa wa maumivu. Aumiaye ni yule aliyekitengeneza, naye huumia katika majivuno yake tu, mahali ambapo kijana aliyesoma hupata faida akipigwa kidogo. Tena waliouzoea mchezo huu wanajua jambo ambalo mtazamaji wa mara moja halioni: nyuma ya uwanja, mshindani huazima betri kwa yule atakayepigana naye baada ya nusu saa, maana kumshinda mtu ambaye roboti yake haikuwaka si kushinda. Siku ile ile ya lawama, aliyekuwa wa kwanza kupiga magoti kuokota vipande vya jino lililokatika alikuwa mshindi.

Liko shtaka la tatu, ambalo mwenzangu hakulitamka waziwazi, ila lilikuwa chini ya methali yake, nalo ndilo linipalo taabu. Katika vita vya Ukraine vilivyopamba moto tangu mwaka 2022, na katika vita vya Sudan tangu mwaka 2023, vyombo virukavyo pasipo rubani vimeua watu wengi, na ndani ya vyombo hivyo mna mota, betri na redio za namna ile ile zilizo katika sanduku letu. Je, tunawafunza vijana nini? Sitajibu kwa kusema kwamba mhunzi afuaye jembe ndiye afuaye mkuki, ingawa ni kweli. Jibu hilo ni jepesi mno, na limetumiwa na watu wengi waliokuwa wakiuza mikuki.

Nitasema nijualo. Kanuni ya kwanza ya mchezo huu haihusu kupiga, yahusu kukoma. Roboti isiyozima silaha yake yenyewe mara redio inapokatika haiingii uwanjani. Silaha hufungwa kwa pini ya chuma mpaka mlango wa uwanja ufungwe. Sharti pawe na njia ya kuukata umeme kwa upesi, na betri za lithiamu, ambazo zikitoboka huwaka kwa ukali, huwa na ndoo ya mchanga kando yake. Kanuni hizi watu walizipata kwa kujionea. Mwaka 1995 Jamie Hyneman alileta San Francisco roboti iitwayo Blendo, iliyofanana na bakuli la chuma lililofudikizwa, likizungushwa kwa injini ya mashine ya kukata nyasi. Ilirusha vipande vya wapinzani wake juu ya kizuizi, kuelekea watu. Waandalizi waliipa sehemu ya ubingwa, wakaiomba isipigane tena. Ilikuwa imeshinda, na kwa sababu hiyo ilisimamishwa. Kijana aliyekaguliwa hivyo mara kumi, akaulizwa kila mara "na mawasiliano yakikatika, chombo chako kitafanya nini?", amejifunza swali ambalo natamani lingeulizwa katika viwanda vya silaha vya dunia. Sisemi kwamba hataunda kitu kibaya kamwe. Nasema kwamba hatakiunda kwa kutojua.

Wako wasemao, na wafanye mashindano ya amani basi, kama yale yaliyoanzishwa na Dean Kamen huko Marekani, ambayo chama chake kiliundwa mwaka 1989 na shindano la kwanza kufanyika mwaka 1992, ambamo roboti hukusanya mipira na kupandisha vitu. Sina ugomvi nayo, na yaje. Ila huko mtambo dhaifu waweza kusetirika chini ya kanuni za alama. Katika mapambano, nati ambayo hukuikaza itajitangaza yenyewe.

Na sasa niwageukie wa upande wangu, maana nao wanastahili fimbo. Mwenye kununua roboti iliyokwisha kuundwa ng'ambo, akaitoa sandukuni, akapaka rangi na kuipa jina la simba, huyo amenunua tikiti ya kutazama. Na wale waketio na simu usiku kucha kutazama cheche za wenzao, wakajua majina ya mabingwa wote lakini hawajui kushika tupa, wasije kwangu kuomba uanachama. Paul Ventimiglia alichukua ubingwa wa BattleBots mwaka 2015 kwa roboti yake Bite Force, iliyokuwa ikishika wapinzani na kuwainua. Aliporudi mwaka 2018 alikuwa ameiacha silaha ile iliyompa taji, akaweka chuma kizungukacho wima, akashinda, na mwaka 2019 akashinda tena. Nataka wanafunzi wawezao kukivunja kilichowaletea sifa.

Nimekwisha kumwandikia mkuu wa chuo barua, na nakala yake nimempelekea mwalimu mwenzangu kwa mkono wangu mwenyewe. Nimemwalika aje Jumamosi yoyote atakayo, akae kitini kabla ya pambano, si wakati wa moshi tu, awaulize vijana maswali yote ya mali na ya maadili, na wakishindwa kumjibu nitaupeleka ufunguo mwenyewe kwenye msumari. Aliipokea bahasha. Hajajibu, lakini juzi alimsimamisha yule binti kibarazani, akamwuliza kile alichokishika katika leso ni nini.

Lilikuwa jino jipya. Limefuliwa, limezamishwa, limerudishwa motoni. Rangi yake ni samawati. Hana pa kulifunga.